Hotuba ya Kuzindua Upimaji wa Nyufa Katika Boila la Kiwanda cha Sabuni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru lakini kiti chake kipo. Mheshimiwa Makamu wa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Usalama wa Vyuma, wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo na wa Sekretarieti ya Kamati Ndogo. Meneja wa kiwanda hiki cha sabuni. Wadau wa chuma, wadau wa mvuke, wadau wa povu. Na nyinyi wafanyakazi mliosimama: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Wafanyakazi wamesimama tangu saa mbili, na sasa ni saa tano.)

Nipo mbele yenu, mimi mkuu wa taasisi ya usalama wa vyuma, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifia, kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Kubaini Kasoro Zilizojificha kwa Njia ya Mawimbi ya Sauti. Kwa lugha nyepesi, maana elimu yenu naijua, kifaa kidogo kama kipande cha sabuni kinabandikwa juu ya chuma, kinapeleka ndani sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, na sauti hiyo ikikutana na ufa inarudi mapema, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa, halafu kwenye kioo cha mashine mnaona mstari umeruka. Hakuna kukata, hakuna kubomoa. Mimi mwenyewe nilikwenda ng'ambo siku kumi na nane kujifunza jambo hili, na siku ya kumi na saba nikalielewa. (Kicheko. Meneja anageuka kuona nani kacheka.)

Katika awamu ya kwanza tumepima maungio elfu nne mia mbili na sita, na kasoro zilizopatikana ni asilimia sifuri nukta sifuri sifuri, rekodi ambayo wenzetu waliotutangulia kiteknolojia hawajaifikia, kwa sababu wao kila wakipima wanakuta nyufa. (Minong'ono upande wa karakana.)

Nasikia minong'ono. Wapo wanaodai kwamba boila hili lililo nyuma yangu lina ufa kwenye mshono wa chini. Mwendesha boila, ambaye mnamwita Babu ingawa umri wake ni kama wangu, ameniandikia barua tatu akisema chuma kinalia presha ikipanda, na kwamba nyuma ya ukuta huu ndipo wanapolala wenzake sitini waliotoka makwao mbali kutafuta riziki. Barua zake tumezipokea, tumezigonga muhuri, tumeziweka kwenye faili la pongezi. Leo asubuhi ameniambia hawashi mpaka aoneshwe picha ya mshono huo. Ndugu yangu, usalama si picha. Usalama ni kuwa na imani na uongozi. (Babu yuko kando ya boila, mikono nyuma.)

Na nani anayejali usalama kunishinda? Mwaka jana tuliletewa kipande cha chuma cha kujaribia mashine kabla ya kazi. Nikakikagua kwa macho yangu haya, nikakuta kina tundu. Taasisi ya usalama inaletewa chuma kibovu, nami ninyamaze? Nikaagiza kizibwe siku hiyohiyo. Fundi wa kulehemu akathubutu kunieleza kwamba tundu lile limetobolewa makusudi, eti mashine isiyoona tundu linalojulikana haitaona ufa usiojulikana. Nikamwuliza kama ana shahada. Hana. Basi akaziba, akasaga, akapaka rangi, na leo kipande kile kiko ofisini kwangu, kinazuia mlango usijifunge. (Fundi anaangalia viatu vyake.)

Ndani ya miaka mitano, kila bomba, kila tangi, kila bawaba itapimwa, na kikosi kazi kitaundwa kuratibu vikosi kazi. Nikisema "Chuma imara", mnajibu "Uongozi imara". Chuma imara! (Sauti mbili zinajibu: meneja na dereva wake.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mchoraji aliyeandika SALAMA kwenye boila hili kwa herufi ndefu kuliko mimi. Ndiyo kazi yote iliyofanyika hapa, na ameifanya vizuri. Nawashukuru makarani waliopima yale maungio elfu nne bila kuinuka vitini. Na kwa namna ya pekee naishukuru kampuni itakayotuuzia mashine, siku tutakapokubaliana tuagize ya aina gani, kwa kuturuhusu kutumia picha yake kwenye bango.

Sasa, Babu, washa. Sisi wa meza kuu tutashuhudia kutoka kwenye magari.

(Babu anainama, anafungua bomba la chini. Maji yote ya boila yanamwagika sakafuni na kupita chini ya meza kuu. "Bila maji haliwaki, mheshimiwa," anasema. "Mkija na mashine, nitalijaza.")

Katibu, andika kwamba boila limezinduliwa kwa maji. Asanteni kwa kunisikiliza.