Ombi la Kutoshikana Mikono Hadi Kucha Zangu Zikauke

Isansa, Mbozi
Ijumaa

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye pia ni Baba yangu Mdogo,

Shikamoo ya mdomo. Ya mkono haiwezekani, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kama ujuavyo, kesho wanakuja wageni kutoka Ibaba kuleta posa yangu. Mama yake Lusungu, mchumba wangu, amesema yeye humtazama msichana mikono kwanza, mengine baadaye. Nikaagiza Tunduma rangi nyekundu ya kucha, ile ya kawaida inayokauka yenyewe, maana huku kwetu hakuna taa ya saluni ya kukaushia. Inataka robo saa tu. Robo saa hiyo kitongoji chako kimeninyima tangu Jumanne, kama ifuatavyo:

1. Jumanne nilipaka tabaka mbili nyembamba, kama inavyotakiwa, nikaketi kupuliza. Akaja Mama Fides kuazima chekeche, mkono mbele. Nikampa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya wote tukitoka shambani. Akakikagua, hakuona udongo. Kufikia jioni bombani walikuwa wanasema Ruti hajaolewa bado na tayari anasalimia watu kwa kifundo.

2. Jumatano nikasikia maji baridi hukausha haraka. Maji yetu ya Julai hayahitaji barafu. Nilikuwa nimetumbukiza vidole kwenye beseni Mzee Osea alipobisha hodi. Kuona beseni, akajua chakula kiko tayari. Akanawa humo humo, akashukuru, akaketi. Ningefanyaje? Nikasonga ugali. Rangi ya vidole viwili iliishia kwenye mwiko.

3. Jana nilisimama barabarani nikipunga mikono ili ipate upepo. Dennis akasimamisha bodaboda, na nyuma yake wenzake wawili. Wakagombana nani kaitwa kwanza, wakataka niwaonyeshe kwa kidole. Kidole chenyewe kilikuwa kimeshajaa vumbi lao.

4. Leo asubuhi nilipaka tena, nikadondoshea kila ukucha tone la mafuta ya kula, nasikia nayo hukausha. Zilikuwa zinakaribia kabisa kukauka. Ukapita wewe. Ulinishika mkono na hukuuachia mpaka ulipomaliza habari za kahawa, tangu maua hadi mnada. Uliondoka na rangi yangu kiganjani, na nasikia Mama Mdogo Ferista hakukuuliza kwa upole. Niko tayari kukutolea ushahidi, ombi langu likikubaliwa.

Naomba basi, hadi kesho jioni, iwe marufuku kupeana mikono kitongojini. Nikitundika kanga mlangoni, watu wasalimie wakiwa njiani. Atakayekaidi atuchumie kahawa siku nzima.

Sifanyi mzaha, Baba Mdogo. Nampenda Lusungu, na naogopa. Mikono yangu ni ya jembe, na rangi hii ndiyo sitara pekee niliyonayo.

Wasalimie wote nyumbani. Mzee Osea mwambie ugali umekwisha.

Mwanao, ninayeandika kwa vidole viwili, vingine nimevipaka upya,
Ruti

Nyongeza: Sijaikunja barua, wageni wamefika! Wamepata lifti ya lori la mbao, wakaona wasingoje kesho. Nimekimbia kumpokea mama yake Lusungu kwa mikono yote miwili, nimesahau kabisa kama nina kucha. Amekitazama kiganja chake chekundu, akasema, “Huyu ameshaniwekea sahihi.” Amekataa kunawa mkono huo, anakula kwa kijiko. Kwa hiyo ombi nimelifuta. Njoo upesi, na mkono wako usiuoshe; nimemsimulia ya asubuhi, anataka kuona kama sahihi ni ileile.