Ukimya wa Seva ya Arua

Jumatatu, 7 Julai 2025. Arua.

Swali limenisumbua tangu chuo kikuu: mfumo usiolalamika ni mfumo mzima, au ni mfumo uliokufa? Mhadhiri wetu alilipita haraka akaenda kunywa chai. Mimi sijaweza kulipita.

Leo swali limepata uzito wa kikazi. Kampuni yetu huwaunganisha wafanyabiashara wa mazao na malori: mtu wa Koboko anaomba nafasi kwa simu, mfumo unampa lori, nyanya zinafika sokoni Arua. Wahandisi tuko wawili. Mimi hapa, kwenye seva. Dumo yuko Koboko na anazitunza programu za huko. Asubuhi mkurugenzi wetu, Mama Rosina, amepiga simu. Ofisi zote mbili zitakuwa na Mkuu wa Mifumo mmoja. Mkuu atakaa Arua. Mwingine atakaa Koboko, chini yake. Mama anakuja Jumatatu ijayo kuchagua.

Chini ya Dumo! Mtu anayeniita "Profesa" mbele ya wateja, na si kwa heshima.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu unaostahili, kisha nikala chapati kwa hasira.

Mpango. Programu zetu tumezifungia katika makontena. Si yale ya bati. Ni vifurushi vya kidijitali, kila programu pamoja na mahitaji yake, ili moja ikianguka iinuliwe bila kuwagusa majirani. Uzuri wake ndio ubaya wake. Kontena likifa, mfumo huliondoa na kuwasha jipya, na kumbukumbu zote ambazo marehemu aliandika kuhusu kifo chake huondoka naye. Shahidi huzikwa pamoja na maiti. Ndivyo makosa ya Dumo yanavyopotea. (Haki inanilazimu kuongeza: na yangu.)

Nitajenga mkusanyaji. Programu moja itakayozoa kumbukumbu za makontena yote, ya Arua na ya Koboko, na kuzileta kwenye skrini moja ukutani kwangu. Kijani, uzima. Nyekundu, kosa. Mama Rosina ataingia, atautazama ukuta, ataiona Koboko ikiwaka nyekundu. Sitasema neno. Nitahuzunika tu.

Jumanne, 8 Julai.

Mkusanyaji amesimama. Nimemweka kwenye seva ileile inayobeba maombi ya malori. Vitabu vinashauri apewe seva yake mwenyewe. Vitabu havimjui Mama Rosina, ambaye hasubiri vifaa.

Nilimpigia Dumo anifungulie mlango wa makontena ya Koboko. Nilieleza kwamba ni kwa faida ya wote. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Profesa, mimi niko na bipu. Ukuta ya nini?"

Ni kweli, ana bipu. Amewafundisha wafanyabiashara wote wa Koboko kumpigia na kukata kabla hajapokea. Bipu moja: mfumo umelala. Bipu mbili: lori halijaonekana. Haigharimu mtu hata senti, alisema, na hata mama asiyejua kusoma anaweza. Akaongeza kwamba baba yake alikuwa mtu wa redio jeshini na ndiyo njia waliyotumia. Sehemu hiyo ya mwisho naitilia shaka.

Kisayansi, bipu ina kasoro moja kubwa: haijulikani inatoka kwa nani mpaka uitazame, na Dumo hatazami. Mwezi uliopita mama mkwe wake alimbipu kuhusu sukari. Dumo akazima na kuwasha programu zote za Koboko katikati ya siku ya soko.

Hata hivyo mlango aliufungua. Kwa kelele, lakini aliufungua. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia kama angekataa.

Jumatano, 9 Julai.

Skrini imewaka. Nyekundu! Nyekundu kila upande! Nilimwita Lokule wa mapokezi aje ashuhudie aibu ya Koboko. Alisimama, akatazama, akauliza kwa adabu neno lililoandikwa juu ya ile sehemu nyekundu linasomekaje.

Linasomeka Arua.

Kontena langu la risiti limekuwa likifa na kufufuka siku nzima, huenda mwaka mzima, bila yeyote kujua. Koboko ni ya kijani. Kijani cha kuudhi, kama nyasi baada ya mvua.

Nimejiuliza kama matokeo haya yanaweza kuwa kweli. Nimefikia uamuzi, kwa tahadhari kubwa, kwamba kosa liko kwenye kipimo. Programu za Arua hufanya kazi nyingi zaidi; hivyo zinastahili kusamehewa zaidi. Nikapandisha kiwango cha kosa cha Arua mpaka nyekundu ikawa njano. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikaendelea mpaka njano ikawa kijani. Kiwango cha Koboko nimekishusha. Natambua kwamba hitimisho hili limefikiwa na mtu anayefaidika nalo. Naliandika ili baadaye nisije nikasema sikuliona.

Halafu simu! Nilikuwa nimeagiza iniletee tahadhari kwa kila kosa. Ililia nikiwa benki. Ililia nikiwa na sabuni kichwani. Ililia nikimweleza Lokule kwa nini inalia, naye akauliza, "Madam, hii simu iko na degedege?" Nimeizima sauti.

Jambo dogo la mwisho. Makontena yakichelewa kuleta habari, skrini hupiga makelele bure. Nimeweka kanuni: kontena lisiloleta habari lihesabiwe kuwa zima. Ukuta umetulia. Nimekunywa chai nikiutazama. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kilichotengenezwa na mikono yangu.

Ijumaa, 11 Julai.

Koboko bado ni kijani! Nimeshusha kiwango mpaka hata kikohozi kingehesabiwa kosa. Hakuna.

Nadharia yangu: Dumo ameziandika programu zake ziwe bubu. Haziongopi, zinanyamaza. Dawa ni kuzilazimisha zizungumze. Nimeagiza kila kontena la Koboko liandike kila kitu: kila ombi, kila jibu, kila pumzi kati ya ombi na jibu. Anayezungumza bila kukoma hatimaye hukiri jambo. Kumbukumbu zimeanza kumiminika kwenye seva kama mahindi kutoka gunia lililopasuka. Nitazisoma Jumamosi. Au Jumapili.

Kisha nikaimalizia hoja. Nimetuma ujumbe kwa wafanyabiashara wote, kwa jina la ofisi: kuanzia leo ni marufuku kubipu, mfumo utagundua hitilafu zake wenyewe.

Dumo alipiga papo hapo. Safari hii hakucheka. "Profesa, umeniziba masikio! Watu yangu itaniita na nini?" Nilimjibu kwa upole, nikitumia neno "utaratibu" mara nyingi kuliko sentensi zangu zilivyohitaji. Akakata. Nadhani nilishinda. Sina uhakika kama mtu anayekatiwa simu ndiye mshindi.

Jibu moja tu lilitoka kwa wafanyabiashara. Ni la Mama Paska, Msudani Kusini anayenunua nyanya Kuluba, upande wa Koboko, na kuzileta Arua. Aliandika: "Sawa binti. Lakini kama hii mashine yeye mwenyewe iko mgonjwa, nani itatuambia?" Swali zuri. Kwa kweli ni lilelile langu, kwa lugha fupi zaidi. Nilimtumia picha ya dole gumba.

Jumatatu, 14 Julai.

Nitajaribu kuyaandika kwa mpangilio.

Mama Rosina alifika akiwa amevaa gauni la gomesi la zambarau na akiwa na haraka. Dumo alikuja naye kutoka Koboko, kimya, amenyoa. Niliwaketisha mbele ya ukuta. Kila kitu kijani. Arua kijani, Koboko kijani. Nilisikitika kidogo kwa hiyo Koboko, kisha nikagundua kwamba haikuwa hasara: Mama alikuwa ameweka mkono kifuani. Akasema hajaona ofisi tulivu kama hii. Akauliza nani ameijenga. Nikainamisha macho. Dumo akatazama simu yake, iliyokuwa haina hata bipu moja, na akaonekana mtu aliyekwisha.

Nilikuwa ndani ya neno "usimamizi" wakati mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Mama Paska. Vumbi mpaka kwenye nyusi, kreti la nyanya kiunoni, Lokule akimfuata nyuma akisema "Mama, ngoja kwanza, ngoja." Hakungoja. Alilitua kreti kwenye meza ya mkutano, mbele ya mkurugenzi. Maji ya nyanya yakaanza kusafiri kuelekea karatasi zangu.

Tangu jana alfajiri, alisema, mfumo haujibu. Ukiomba lori, kimya. Koboko nzima, mizigo iko chini kwenye jua. Yeye amepanda juu ya gari la mkaa kuja kuona kama sisi wenyewe tuko hai.

Mama Rosina akamwonyesha ukuta. Akamwambia kwa upole kwamba mfumo ni mzima, atazame, ni kijani.

Mama Paska alitazama. Alitazama vizuri, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. "Ee. Ukuta yenu iko kijani. Nyanya yangu ndiyo iko nyekundu, na kesho itakuwa nyeusi."

Mama Rosina akauliza kwa nini hawakutoa taarifa.

"Huyu binti alitukataza kubipu. Tukanyamaza, sisi tuko na heshima. Basi leo mimi mwenyewe ndiyo bipu." Akavuta kiti, akakaa.

Dumo alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, kwa sababu mkurugenzi alikuwa hacheki. Mimi nilisema huenda tatizo ni mtandao. Nilisema huenda ni simu za wateja. Nilisema inafaa tutofautishe kati ya mfumo kutofanya kazi na mfumo kuonekana haufanyi kazi. Mama Paska akaniuliza kama hiyo tofauti inaliwa na ugali.

Dumo akaomba kiti changu. Nikampa.

Jumanne, 15 Julai.

Chanzo kimejulikana. Ni kumbukumbu. Zile pumzi zote nilizoagiza Koboko iandike zilijaza diski ya seva, na diski ilipojaa maombi ya malori hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Yakasimama. Mkusanyaji naye, akiwa kwenye seva hiyohiyo, akasimama pamoja nayo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeagiza kisicholeta habari kihesabiwe kizima, ukuta mzima ukawa kijani. Kwa usahihi wa kihistoria, ukuta haukuwahi kuwa kijani kamili namna ile kabla ya kila kitu kufa.

Kuhusu makosa ya Dumo ambayo kumbukumbu zile zilikusudiwa kuyafichua: nilizisoma usiku kucha. Nimepata moja. Ameandika jina la kitongoji cha Dadamu vibaya.

Mama Rosina ameamua. Dumo ni Mkuu wa Mifumo. Mimi naenda Koboko, chini yake. Alinieleza bila ukali kwamba hana shida na mtu anayekosea, ila anamwogopa mtu anayekosea kwa rangi nzuri. Kampuni imemfidia Mama Paska nyanya zake, naye amekubali, kwa masharti ya kubipu apendavyo.

Dumo alinishika mkono mlangoni. "Karibu Koboko, Profesa. Watu huko ni wazuri, ila usiwazibe mdomo." Nilitafuta dharau katika sauti yake. Sikuipata, na hilo liliniumiza zaidi.

Jumatatu, 21 Julai. Koboko.

Meza yangu mpya iko kando ya dirisha. Watu ni wazuri kweli. Nimekuwa na wiki ya kufikiri, na nadhani sasa nayaelewa yaliyotokea kwa kiwango kinachotosha kuchukua hatua.

Kosa halikuwa ukusanyaji. Kosa lilikuwa kuwa na mkusanyaji mmoja. Aliwatazama wote, ila yeye hakutazamwa na mtu. Kwa hiyo leo nimejenga wa pili, mahsusi kumtazama yule wa kwanza, ambaye Dumo amemrithi pamoja na ukuta. (Nasikia ameagiza skrini kubwa zaidi.) Sijamwarifu. Atashangaa vizuri zaidi nikimwonyesha matokeo yakiwa tayari, ikiwezekana siku ambayo Mama Rosina yupo. Nimemweka kwenye seva ileile kwa sasa, maana seva nyingine ingechukua muda. Sauti ya tahadhari nimeizima. Ofisi hii ni ndogo, na si vyema kuwasumbua wenyeji wangu.

Lile swali la mwanzo sijalijibu, na sasa nadhani naijua sababu. Ili kujua kama mfumo ulionyamaza ni mzima au umekufa, mtafiti anahitaji kupata ukimya halisi, uliokuja wenyewe, na kuuchunguza. Sijawahi kuupata. Kila ukimya niliouchunguza mpaka leo, nimekuta nimeutengeneza mwenyewe.

Mkusanyaji wa pili ameanza kazi tangu adhuhuri. Hajaleta tahadhari hata moja. Inatia moyo sana.