Handaki la Kwanza

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeondoa Windows kwenye kompyuta ya baba mkwe. Hakuniomba. Mtu mwema hasubiri kuombwa. Mashine ilikuwa inajikokota, nikaifuta yote alipokwenda kliniki kupima presha, nikaweka mfumo mwingine, Linux. Safi! Nyepesi! Aliporudi akauliza treni yake iko wapi.

Treni yake ni mchezo. Mzee Tseng aliendesha treni ya mlimani hapa Chiayi, Taiwan, miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu anaendesha ileile kwenye kioo, kila siku baada ya kifungua kinywa. Jumamosi anatimiza miaka themanini. Madereva wenzake sita wanakuja, na kila mmoja atashusha treni kutoka mlimani hadi mjini. Mchezo wenyewe ni wa Windows tu.

Nikamwambia asijali, Linux inayo programu ya kuudanganya mchezo wa Windows uamini kwamba uko kwao. Akauliza lini. Nikasema kesho. Akasema, "Jumamosi treni isipotembea, na wewe usije."

Mimi! Mume wa binti yake wa pekee!

Jumanne, 11 Novemba

Mchezo umefunguka. Honi inalia. Treni inaondoka, inaingia handaki la kwanza, kioo kinakuwa cheusi. Hakirudi. Njia hiyo ina mahandaki zaidi ya arobaini.

Nimechunguza. Programu yangu ya kudanganya ni toleo la miaka mitatu iliyopita. Miaka miwili iliyopita Mfini mmoja nisiyemjua aliandika kiraka, mistari thelathini na minane ya msimbo, cha kuponya giza la mahandaki. Basi. Nitachukua msimbo wa toleo jipya kabisa, nitabandika kiraka cha Mfini, nitaijenga programu kwa mikono yangu.

Shemeji Kuan-lin, ambaye anauza helmeti za pikipiki na kwa hiyo ni bingwa wa kompyuta, alikuja kunywa chai. Akashauri nipakue toleo jipya lililokwisha kujengwa, nibofye, nimalize. Dakika nne. "Shemeji, wewe ukitaka kikombe cha chai unaanza kwa kulima shamba?" Mke wangu Pei-jung akacheka hadi akaweka kikombe chini. Nimemwambia Kuan-lin kwamba vilivyo tayari ni vya wanunuzi, si vya mafundi.

Jumatano, 12 Novemba

Kiraka nimebandika. Programu ya kubandikia ina maneno mengi kama karani wa dirishani. Ilisema kiraka hiki kinaonekana kimeshawekwa, au kimegeuzwa, je, ikigeuze? Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena kwa faili la pili. Ndiyo. Mara tano imeuliza, mara tano nimejibu, bila kukasirika.

Kujenga kumechukua saa tano. Feni inanguruma kama skuta inayopanda mlima. Nikafungua mchezo. Handaki la kwanza. Giza.

Sababu nimeipata haraka. Nilimtuma baba mkwe dukani alete pakiti ya vitafunwa ya kuweka juu ya mashine ili itulie, na ameleta ya njano! Kila fundi wa Taiwan anajua ni ya kijani, kama taa ya kuruhusu. Njano ni ya benki, rangi ya pesa. Amesema za kijani zilikuwa zimekwisha. Miaka themanini!

Alhamisi, 13 Novemba

Pakiti ya kijani nimeipata duka la tatu. Tarehe yake ya kuharibika bado haijafika. Nimeiweka, nikaongeza viraka vingine kumi na vinne vya watu sita tofauti. Ndiyo kwa vyote.

Baba mkwe akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza kama treni imeondoka. Nikasema bado iko karakana. Akasema wao walikuwa wanapaka grisi na kuondoka.

Matokeo: sasa giza linaingia kabla ya handaki. Haya ni maendeleo. Hakuna aliyeyatambua.

Ijumaa, 14 Novemba

Kuan-lin amejitolea kuleta kompyuta yake ya Windows kesho. Kiherehere! Nikaficha waya wa kuunganishia kioo kikubwa ndani ya pipa la mchele. Pei-jung akaukuta alipokuwa anapima mchele wa jioni. Akaniuliza nina miaka mingapi.

Baba mkwe hakugusa supu. Alikaa mbele ya kioo cheusi, mkono wa kulia hewani, pale penye breki.

Jumamosi, 15 Novemba

Wageni saa nane. Tambi ndefu za kumtakia maisha marefu na miguu ya nguruwe, mezani kwa wakati. Toleo langu la nne lilimaliza kujengwa saa saba na nusu. Mzee Liao, mkubwa wao, akapewa kiti. Akapiga honi, akaondoka, akaingia handaki. Giza.

Mzee Liao akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Tseng," akasema, "sisi mkwe tulikuwa tunamkaribisha chakula. Treni tulimpa fundi."

Baba mkwe hakunitazama. Akamwambia Kuan-lin, "Wewe. Keti."

Nilishika saa. Dakika tatu na sekunde hamsini. Toleo jipya, la kawaida, halina kiraka hata kimoja kilichopita mikononi mwangu. Handaki la kwanza, mwanga! La pili, mwanga! Wazee wakapiga makofi kama watoto. Wote wameendesha. Baba mkwe alikuwa wa mwisho, akaingia stesheni amechelewa sekunde kumi na moja, akawaomba radhi abiria.

Mimi nilikuwa jikoni nakata mapera. Hakuna aliyeniita.

Jumapili, 16 Novemba

Pei-jung amesoma kumbukumbu za kazi yangu kwa sauti, bila kuombwa. Anadai kiraka cha Mfini kiliingizwa kwenye programu yenyewe miaka miwili iliyopita. Toleo jipya lilikuwa nacho tayari. Kila ndiyo yangu ilikuwa inakibandua. "Umeivua nguo mwenyewe, halafu unaigombeza inasikia baridi."

Nimeudhika. Swali gani hilo ambalo jibu zuri ni hapana? Kosa ni la anayeuliza! Nimeandika kiraka changu mwenyewe cha programu ya kubandikia viraka. Haitauliza tena. Itatenda.

Inabidi ijengwe, na mashine yangu imejaa. Pei-jung ameenda sokoni, kwa hiyo nimetumia yake. Ilikuwa na Windows, na jambo fulani la ofisini la kesho asubuhi. Nimeifuta yote kwanza. Inakwenda kasi mno. Atafurahi.