Serotonini ya Liévin

Mwaka ule askari walipopora maduka ya Lubumbashi, watu walikosa unga, sabuni na usingizi. Liévin hakukosa maneno. Alikuwa amesoma habari za serotonini kwenye ukurasa wa jarida la Kifaransa uliofungiwa karanga, na siku hiyohiyo akajipandisha cheo: docteur, yaani daktari.

Alimwona Vital pale mtaa wa Karavia, ameketi kando ya lori lake, shavu mkononi. Vital, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, kule Kivu, alikuwa ameporwa ghala zima, akabakiwa na lori na magunia machache. Magunia hayo ndiyo Liévin aliyamezea mate, maana mzee Kalaba wa mtaa wa Annexe alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba binti yake Laurentine haolewi kwa mdomo mtupu.

"Docteur, busingizi bulikimbia," Vital alilalamika. "Hata chakula hakipite."

"Serotonini ilisha kwisha mu kichwa. Ile njo inatuletaka furaha, busingizi, na apetiti."

"Hata ile balipora?"

"Ile njo balianza nayo!"

Akampa chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho kila mtoto wa hapa anakijua. Mtu wa Kivu alikinywa amefumba macho, kwa heshima zote. Tapeli mwenye akili hujiachia mlango wa kutokea, kwa hiyo Liévin akaongeza masharti: "Kila asubuhi utembee mu jua mpaka Annexe. Na usikule peke yako hata siku moja. Ukivunja, dawa haitatumika." Ujira ulikuwa gunia moja, mgonjwa akipona.

Vital akapona. Serotonini hupenda jua, miguu na kula na watu. Hilo nalo Liévin alikuwa amelisoma, akalidharau.

Alipokwenda kuchukua gunia lake, alimkuta Vital amenyoa ndevu, anapiga mluzi, lori limepakiwa.

"Docteur, nilipata muke! Lakini huku sina ndugu, na kwenu munatumaka muntu wa kusemea bwana arusi. Uende unisemee. Nitakupa magunia mbili pahali pa moja."

Liévin alikubali kabla mwenzake hajafunga mdomo. Mawili! Moja la mahari, moja la sherehe. Njia nzima aliimba.

Lori likasimama nyumbani kwa mzee Kalaba.

Laurentine alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya. Liévin akaacha kuimba.

"Weye ulikuwa unakuyaka na maneno," Laurentine alimwambia polepole. "Yeye alifika na njaa, anatafuta wa kula naye. Akarudia kesho, na kesho. Unisamehe, Liévin."

Alitaka kuharibu mambo. Kwa kweli alitaka. Lakini mzee aliposema, "Haya, sema," ule ulimi ambao haujawahi kuuza kitu vibaya ukaanza wenyewe. Alimsifu Vital mpaka mzee Kalaba akapunguza mbuzi wawili kwenye mahari na mashangazi wakapiga vigelegele.

Kisha akaketi, machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Angalia," shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "anamupenda sana rafiki yake."