Tabibu wa Tovuti

Trenggono alikuwa anamalizia wali wake wa nazi mgahawani, mtaa wa Laweyan, aliposikia Bu Sulastri, mama muuza batiki, akijigamba kwa jirani: tovuti yake mpya inamletea wateja hadi kutoka Medan, ng'ambo ya bahari. Trenggono akafuta midomo. Kwake yeye, mtu anayejisifu ni mlango uliosahauliwa wazi.

"Samahani, Bu. Mimi ni tabibu wa tovuti. Naomba niichungulie yako."

Akafungua kompyuta yake kuukuu. Ndani mlikuwa na vivinjari viwili vya kufungulia tovuti: kimoja cha siku hizi, na kingine ambacho hata waliokitengeneza walishakizika. Akatumia huyo marehemu. Ukurasa ukaja shaghalabaghala: vitambaa vimekalia bei, bei zimekimbilia pembeni, kitufe cha kuagizia hakipo.

"Astaghafirullahi! Mbona kwenye simu yangu iko sawa?"

"Kwako, ndiyo. Wenye vivinjari vingine wanaona haya." Akashusha sauti kama mleta tanzia. "Siku tatu tu, Bu. Nusu ya malipo leo."

Tiba yenyewe ilikuwa kulala siku tatu, kisha kuufungua ukurasa uleule kwa kivinjari kipya. Sayansi ina mambo.

Bu Sulastri akatoa pesa, na karatasi pia. "Nitaikagua kwa kompyuta hiihii, kwa kidude hikihiki ulichonionyesha. Ukishindwa, kompyuta inabaki kwangu. Weka sahihi, Mas, kaka yangu."

Mgahawa mzima ulikuwa umegeuka kutazama. Akatia sahihi.

Kunyoosha ukurasa hakukujua. Akauliza mafundi watatu. Wote wakamtaja Wening, binti mmoja aliyepanga chumba karibu na stesheni.

"Inawezekana," Wening alisema baada ya kuutazama ukurasa kitambo. "Lakini kivinjari kizee ni mkaidi, Mas. Kila kitu nikibembeleze peke yake, na kile kipya nacho kisinune." Akataja bei: mara mbili ya ile aliyomtoza Bu Sulastri.

"Dada, huo si wizi?"

"Basi katafute mwaminifu."

Bila kompyuta ile Trenggono hakuwa na kazi mjini. Akalipa.

Siku ya tatu, barazani kwa Bu Sulastri, marehemu akafunguliwa. Kila kitambaa mahali pake, kila bei chini ya kitambaa chake. Kivinjari kipya, vilevile. Trenggono akapumua, akapokea nusu yake iliyobaki. Hapo mlango ukafunguka, Wening akatoka na sinia la chai.

"Mwanangu huyu," Bu Sulastri alisema. "Tovuti kaitengeneza yeye. Miezi minne ananisumbua: Mama, maofisi yanayoagiza sare bado yana vivinjari vya kale, yanatuona shaghalabaghala. Anataka nimlipe kama mteja mwingine yeyote, mtoto huyu, nami sina. Nashukuru umenilipia."

Trenggono akamtazama mama, akamtazama binti. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sukari, Mas?" Wening akauliza.

Akanywa chai yote, akaomba kikombe cha pili. Angalau hicho hakukilipia.