Mdhamini wa Fundi Wasifu

Fundi Wasifu alikuwa na meza moja mbele ya duka la fotokopi, kompyuta kuukuu, na ulimi usiojua likizo. Ukimpelekea maisha yako ya kubangaiza, anakurudishia kurasa mbili za mheshimiwa. Mimi ninayesimulia nasukuma mkokoteni sokoni. Kwake nilitoka "Mratibu wa Usafirishaji". Nilijisoma, nikataka kujipa shikamoo. Kazi sikupata.

Siku moja mteja akamletea tangazo: kampuni ya mbao inatafuta meneja wa ofisi. Fundi akalisoma, macho yakamtoka. Asubuhi ile ile mkewe alikuwa amemwambia kwamba asipopata kazi ya kueleweka mwezi huu, yeye anarudi kwao.

"Nafasi hii imeshajaa, kaka," akasema, akilitia tangazo mfukoni. "Nimeambiwa na mtu wa ndani."

Mteja akashukuru sana, akaenda zake.

Fundi akajiandikia wasifu. Akajipa digrii mbili. Ya tatu aliona aibu. Kwenye wadhamini, kawaida yake ni kuwawekea wateja namba yake mwenyewe na kubadilisha sauti. Lakini utajipokeleaje simu umekaa kwenye usaili? Akamwachia mkewe simu na karatasi ya kusoma: yeye ni mkurugenzi mstaafu, amefanya kazi na bwana huyu miaka kumi.

Siku ya usaili, bosi wa mbao akapiga, akaweka spika.

"Nimekuwa naye miaka kumi," mke akasoma kwa sauti nzito. "Ni mchapakazi."

"Na udhaifu wake, mama?"

Hilo halikuandikwa.

"Baba, una muda?" mke akamuuliza bosi.

Weee! Yakamwagika yote. Anaanza mambo kumi, hamalizi hata moja. Ukimuuliza saa ngapi, anaongeza chumvi. "Lakini roho mbaya hana. Anajidanganya yeye kwanza, sisi wengine tunafuata."

Bosi akacheka mpaka akavua miwani. "Mwaka wa ishirini huu napigia wadhamini, wote kazi yao kusifu tu! Mama, kweli wewe ni mkurugenzi?"

"Wapi! Ni mume wangu huyo, kaniandikia hapa. Mimi niliendesha ofisi ya shule miaka sita, mpaka ilipofungwa."

"Basi Jumatatu uje na vyeti vyako. Nafasi ni yako." Akamgeukia Fundi. "Wewe bwana, mlango ule pale."

Fundi akafika nyumbani amejichangamsha. "Mke wangu, tumepata kazi!"

"Nimepata mimi," akajibiwa. Mkewe alikuwa anapiga pasi blauzi.

"Kwa hiyo huendi tena kwenu?"

"Niende wapi na kazi ninayo? Hapa ndipo kwangu. Wewe ukitaka kubaki, leta maombi. Ukurasa mmoja, na kweli tupu."

Hii wiki ya tatu. Jana nilipita mezani kwake: jina ameshaliandika, amekwama mstari wa pili.