Giaboksi ya Kwendea Posa

Injinia Ngumbao hakuwahi kutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta, na asubuhi hiyo ilimkuta mtaani Muyeye, Malindi, akinywa chai. Mbele ya karakana ya majeneza palisimama gari, Proboksi nyeupe kama Proboksi zote, jeneza jipya limefungwa juu ya keria. Ndani, mama mmoja alikuwa aking'ang'ana na mkono wa gia kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda.

"Shikamoo, mama." Ngumbao alikwisha fika dirishani. "Hiyo giaboksi yalia, husikii?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani wewe ni fundi?"

"Watu huniita Injinia. Lakini ukiniita fundi sikasiriki."

Hapa inafaa msomaji amjue mtu huyu kabla hajaanza kumpenda. Karakana ya Ngumbao ilikuwa ndani ya buti ya Proboksi yake, na wito wake ulikuwa mmoja: gari lako, nyumbani kwako. Alikuja uani kwako, akafungua giaboksi nzima, akakwambia kwa huzuni kwamba imekufa, akakufungia mbovu aliyoipaka rangi ya fedha, na yako akaenda kuiuza. Kufungua alijua. Kufunga alijua. Kilicho katikati, yale meno na beringi, hakukijua wala hakikumhusu. Juzijuzi tu alimfungia Kyalo wa Kikambala chuma kilichokwisha meno, na Kyalo akamshukuru kwa mikono miwili.

Mama huyu, Kasiva, mwenye karakana ile ya majeneza, alimpa ufunguo ajaribu gari. Ngumbao akazunguka nalo mtaa mzima. Mkono wa gia ulicheza, ndiyo, kwa sababu bushi yake, kipande kidogo tu cha mpira, ilikuwa imekwisha. Kazi ya kumalizwa kabla chai haijapoa. Lakini giaboksi yenyewe! Kimya, laini, gia zaingia zenyewe. Ngumbao aliitamani papo hapo.

Na alikuwa na sababu. Jumamosi angepanda Kaloleni na wajomba zake kumposa Janet, na babake Janet, mzee Sanga, dereva wa lori mstaafu, alikwisha tuma neno: "Binti yangu simpi mtu wa maneno. Kama ni fundi wa giaboksi kweli, nitalisikia gari lake likipanda mlima." Ngumbao alimpenda Janet; katika yote aliyowahi kusema, hilo pekee halikuwa uongo. Giaboksi ya gari lake ilikuwa nzima, ila ilinung'unika kidogo kwenye gia ya pili. Hii ya mama haikunung'unika popote.

"Imekufa, mama," alisema, akavua kofia.

Mama Kasiva akashika tama. "Maskini mimi! Na kesho nina jeneza la kupeleka!"

"Angekuwa mwingine ningemwambia akanunue. Lakini wewe ni mama yangu. Nitakutolea ya gari langu, hii mbovu nijifungie mimi, nivumilie."

"Utateseka, mwanangu."

"Nimezoea."

"Basi fanyia hapa hapa nikuone. Mji huu una wezi."

Kazi ikafanyika uani, magari mawili juu ya mawe, Ngumbao amelala chali juu ya unga wa mbao uliotapakaa kila mahali. Mama alimletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, akampangusa unga mabegani, akamwombea kwa sauti. Ngumbao aliguswa sana na wema wake mwenyewe.

Jumamosi safari ilianza vizuri. Wajomba walikaa nyuma, mtungi wa tembo la mnazi la posa katikati yao.

"Gari lanyamaza kama jeneza," alisifu mjomba Karisa.

Walipoiacha Mavueni, oili ikapata moto. Kwenye mlima wa kwanza gia ya pili ikaruka, ya tatu ikaifuata, na chini yao pakaanza sauti ya mawe yanayosagwa. Ya kwanza iliingia, ikatoka, haikuonekana tena. Ilibaki moja tu, ya kurudi nyuma.

"Geuza gari," akasema mjomba Karisa.

"Twarudi Malindi?"

"Na mnazi huu? Twaenda Kaloleni. Geuza!"

Ndivyo ujumbe wa posa ulivyopanda mlima: kinyumenyume, wazee wakiwasalimu watu baada ya kuwapita. Walipoingia uani kwa mzee Sanga, kuku walitawanyika na Janet akajifunika uso kwa leso. Hakucheka, na hilo lilimuuma Ngumbao kuliko yote.

Mzee Sanga alikunja mikono ya shati. Aliingia chini ya gari na spana, akalegeza kizibo. Oili ikashuka nzito kama uji, imejaa unga wa mbao.

"Unga huu hutiwa kwenye giaboksi iliyokufa," alisema, "ili inyamaze mpaka apatikane wa kuichukua." Akakwangua matope yaliyoganda ubavuni mwa giaboksi. Chini yake ikang'aa rangi ya fedha.

Ngumbao aliijua rangi hiyo. Aliipaka mwenyewe. Akajitenga kando, akapiga simu.

"Mwanangu!" alipokea Mama Kasiva. "Umefika salama? Gari lile ni la ndugu yangu Kyalo, wa Kikambala. Rangi yako ilikataa kutoka, tukaifunika kwa matope. Anakusalimu sana. Hiyo giaboksi uliyomfungia umeipata mwenyewe, na yako yamtosha kabisa." Akakata.

Aliporudi, mtungi ulikwisha funguliwa na wajomba walikwisha sahau aibu.

"Mnazi tumeupokea," alisema mzee Sanga. "Posa tutaisikiliza siku gari hili litakapotoka hapa kwa kwenda mbele. Litengeneze hapa hapa nyumbani. Si ndiyo kazi yako?"

Janet akatandika jamvi chini ya gari, akamletea spana, na sasa alikuwa akicheka. Ngumbao akalala chali, akaifungua giaboksi kama alivyofungua nyingi. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akachungulia ndani.